Betri Mbili za Mzee Sylvanus

Minza alimsikia baba mkwe wake kabla hajamwona. Siku Martin alipompeleka kijijini Mchombe kumtambulisha kwao, walikuwa bado kwenye kinjia cha kuingilia uani waliposikia mzee akiulizia chumvi, kwa nguvu za mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Martin alicheka kwa haya kidogo, akamweleza mchumba wake kwamba baba hana ugomvi na mtu. Ni masikio tu.

Mzee Sylvanus alikuwa ameendesha mashine ya kukoboa mpunga kwa miaka ishirini na sita. Mwanzoni ilikuwa injini ya dizeli, baadaye mota ya umeme, zote ndani ya kibanda cha bati ambamo watu walizungumza kwa vidole. Jioni alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango. Alitunga nyimbo, akazipanga kwa sauti nne, akawafundisha wakulima wasiojua noti hata moja mpaka wakawa wanaalikwa Ifakara kwenye sikukuu za parokia. Kisha masikio yakaanza kuziba polepole. Zilitangulia kupotea sauti za akina mama, zikafuata za watoto, na mwisho akawa anaona midomo ya waimbaji inafunguka na kufungwa, naye hajui kama wako pamoja au wametawanyika. Jumamosi moja alimkabidhi Fulgensi, mwanafunzi wake wa siku nyingi, madaftari yote ya nyimbo, akaenda kukaa benchi la nyuma. Mwaka uliofuata hata benchi hilo akaliacha. Alikuwa akifika kusali, na wimbo wa mwisho ukianza yeye yuko njiani anarudi nyumbani.

Minza alipoolewa katika nyumba ile, mambo yalikuwa tayari yako hivyo. Kwa miaka minne alipiga magoti na kusema shikamoo, mzee akaona magoti yamegusa chini, akaitikia marahaba. Yaliyobaki waliandikiana kwenye daftari la shule lililoning'inizwa kwa kamba karibu na mlango. Mzee alisoma, akajibu kwa mdomo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Yeye na Martin waliishi Ifakara. Martin aliendesha kombaini na msimu wa mavuno alikuwa haonekani nyumbani. Minza alikuwa fundi wa redio, simu na sabufa, na meza yake ilikuwa jirani na stendi, kati ya muuza matairi ya baiskeli na fundi wa mageti. Watu walizoea kumwita fundi kwanza, kisha wakishangaa ni mwanamke wakaongeza mama: mama fundi.

Mwaka huu, baada ya kusukumana sana, Mzee Sylvanus alikubali kwenda kupimwa. Minza alimsindikiza mpaka kliniki ya masikio, akaruhusiwa kukaa pembeni wakati muuguzi aliyeitwa Oliva akimvisha mzee hedifoni kubwa za kufunika masikio yote mawili. Mzee aliambiwa ainue kidole kila anaposikia kitu. Muda ulipita kidole hakijainuka. Kisha Oliva akaenda kwenye sauti za chini, akaongeza nguvu, na kidole cha mzee kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa mahali asipotarajia.

Oliva alimweleza Minza bila kumficha. Sauti nyembamba zimekwenda na hazitarudi. Nzito zimebaki, ila zinahitaji kusukumwa, na zinahitaji kuwa safi. Kifaa halisi cha kusikia ndicho kinachomfaa, lakini vya mgao vilikuwa vimekwisha na orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Alimwandika jina.

Minza alikuwa bado anaziangalia zile hedifoni. Aliuliza kama mtu akitengeneza amplifaya ndogo, yenye sauti safi na maiki, mzee akavaa hedifoni kama hizi, itamdhuru au itamsaidia. Oliva aliziweka mezani.

"Itamsaidia ukiwa mwangalifu," alisema. "Weka kikomo ambacho mtu hawezi kukipita hata akizungusha kitasa mpaka mwisho. Saa moja kwa siku, basi. Na kelele ya ghafla ndiyo adui. Ile itamalizia kilichobaki."

Minza aliyaandika maneno hayo kwenye kiganja kwa peni, akatoka nayo.

Mchoro hakuupata kwa shida. Mtandaoni ipo mingi. Alichagua uliokuwa mfupi kuliko yote: aisii moja, yaani chipu ya kukuza sauti, na nyuma yake transista nne, mbili kwa kila sikio, za kuipa msuli. Hiyo sehemu aliimaliza kwa siku mbili. Kazi ilikuwa kwenye umeme. Mchoro ulitaka umeme wa pande mbili, volti kumi na mbili upande wa chanya, kumi na mbili upande wa hasi, na sifuri katikati. Na Minza alijua, kama anavyojua kila fundi wa redio, kwamba sauti haiwezi kuwa safi kuliko umeme unaoilisha.

Alianza na adapta mbili za ving'amuzi zilizokuwa zimelala mezani. Akaziunganisha, akavaa hedifoni mwenyewe, akasikia mluzi mwembamba usiokatika, mfano wa mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Akaziweka kando. Akaenda dukani kwa Donati, muuza spea wa karibu na soko, akanunua transfoma ya nyaya tatu, dayodi nne, aisii mbili za kusawazisha volti, na kapasita nne kubwa za kunyoosha mawimbi ya umeme.

Kapasita zilimtia shaka tangu zilipotua mkononi. Zilikuwa nene kwa nje na nyepesi kama ganda la mpunga. Akaomba koleo, akaipasua moja palepale juu ya kaunta. Ndani ya kopo lile kubwa mlikuwa na kapasita nyingine ndogo ya saizi ya punje ya hindi, imezungushiwa karatasi isitingishike. Donati aliichukua akaigeuzageuza. Naye alikuwa ameuziwa hivyohivyo. Baadaye aliingia stoo akarudi na kapasita nne zilizotumika, alizong'oa kwenye amplifaya kongwe ya ukumbi wa muziki, nzito, herufi zake zimeanza kufutika. Alimpa, na Minza alipofika mlangoni Donati alimshauri anunue tu amplifaya iliyo tayari, ajipunguzie mateso. Minza alimshukuru kwa kapasita.

Mezani Ifakara chombo kilinyamaza vizuri. Minza alizungusha kitasa mpaka mwisho bila kuwasha maiki, akasikiliza, hakukuwa na kitu. Jumamosi akakifunga kwenye kitenge, akapanda basi la Mlimba, akashuka Mchombe saa nne asubuhi.

Mama mkwe wake, Mama Apolonia, ndiye aliyemvisha mzee hedifoni, maana Minza hakuona ni adabu kumshika baba mkwe kichwa. Wakamkalisha sebuleni karibu na soketi. Minza akawasha, akaanza kuongeza sauti taratibu, akashika maiki. Alikuwa hajafungua mdomo bado.

Hatua mia mbili kutoka pale, mashine ya kukoboa ilikuwa imepata mzigo wa asubuhi. Mtu aliwasha mota. Taa ya sebuleni ilififia, na ndani ya hedifoni ukapiga mshindo, ukafuatiwa na ngurumo iliyopanda na kupanda. Minza aliisikia bila hata kuzivaa. Mzee Sylvanus alizing'oa hedifoni kwa mikono miwili, akazitupa kwenye kiti, akabaki ameshika ukingo wa meza.

"Mashine," alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Imenifuata mpaka humu." Akagusa kichwa chake.

Akachukua jembe akaenda shambani. Jioni alirudi akala, akamwambia mkwewe ahsante kwa kuhangaika, ila asimletee tena kitu kile.

Minza alirudi Ifakara amekaa dirishani, kitenge mapajani, na njia nzima hakuona shamba wala mto. Alijilaumu kwa haki. Oliva alimwambia kelele ya ghafla ndiyo adui, naye alimpelekea mzee adui mpaka sikioni kwa sababu alijaribu chombo chake mahali pamoja tu. Martin alipiga simu kutoka mashambani, akasema pengine wamwache baba apumzike, amekwisha kuzoea. Minza hakubishana naye. Wala hakukubali.

Wiki tatu zilizofuata fundi wa mageti wa jirani alimsaidia bila kujua. Kila alipogusisha fimbo yake ya kuchomelea kwenye chuma, umeme wa mtaa mzima ulitikisika, na Minza alikuwa ameacha hedifoni mezani mbele yake, akisikiliza kwa mbali zinavyoruka. Aliongeza kapasita. Akaweka koili za kuchuja. Akabadilisha transfoma kwa kubwa zaidi, ili volti ikishuka bado ibaki ya kutosha. Mshindo ulipungua ukawa kofi, kofi likawa mguso. Lakini haukuisha, na Minza alijua kule Mchombe, mwisho wa laini, ambako mashine na nyumba ya mzee vilikula waya mmoja, mguso ule ungekuwa kofi tena. Siku ya mwisho ya wiki ya tatu alichomoa plagi, akazungusha waya wake, akauweka kwenye boksi la vitu vya kuuza. Chombo hiki hakitagusa ukuta tena, aliamua. Kitakula betri.

Kwa mafundi wa bodaboda alikusanya betri sita za pikipiki zilizotumika. Mita ilisema zote nzima, volti kumi na mbili na ushee. Hakuiamini mita. Alipokuwa akizipanga kwenye ndoo ndipo alipokumbuka kwamba yuko mtu mmoja aliyewasha injini ya dizeli kwa betri chakavu miaka kadhaa, na mtu huyo ni baba mkwe wake.

Alifika Mchombe na ndoo, bila hedifoni. Alipiga magoti akaamkia, kisha akachukua daftari akaandika: Baba, sijaja kukuvisha kitu. Kosa la siku ile lilikuwa langu, si la masikio yako. Nina betri sita, nataka mbili zinazolingana kama pacha. Mita inasema zote ni nzima. Naomba unisaidie kuchagua.

Mzee Sylvanus alisoma mara mbili. Akaitazama ndoo.

"Mita inapima betri iliyokaa," alisema. "Yeyote aliyekaa anaonekana ana nguvu. Ipe kazi kwanza."

Akaingia ndani akatoka na taa ya mbele ya pikipiki iliyokufa zamani, ameishika na waya zake. Walikaa uani. Mzee alifunga taa kwenye betri ya kwanza, akamwonyesha Minza ashike mita hapo hapo na asitoe macho. Volti ilianguka kama jiwe. Mzee aliitupa betri ile pembeni. Ya pili ikaanguka. Ya tatu ikasimama. Wakaiacha taa iwake nusu saa, Minza akiandika namba kila baada ya dakika tano. Ya nne ilisimama lakini mzee akaiwekea kiganja, akaikuta ina joto, akaikataa. Ya tano ikaanguka. Mama Apolonia alileta uji, akawakuta wawili wale wameinama juu ya taa inayowaka mchana, akawawekea na kuondoka bila kuuliza.

Walipobaki na betri mbili, ya tatu na ya sita, zinazoshuka namba kwa namba kama zinazofundishana, mzee aliuliza zinakwenda kufanya nini. Minza akamchorea. Huku chanya, huku hasi, katikati sifuri, na hapo katikati ndipo hedifoni inapokaa. Mzee aliufuata mstari kwa ukucha wa kidole gumba.

"Na moja ikikatika?"

Minza aliurudia mchoro kwa peni. Hakuwa amelifikiria hilo. Betri moja ikichomoka waya, chombo kingebaki kinavutwa na upande mmoja, na nguvu yote ya ule mwingine ingekwenda kwenye sikio kwa mpigo. Aliandika: Itakuwa kama siku ile. Pengine zaidi.

Mzee hakukasirika. Alimweleza kwamba mota ya mashine inakula fezi tatu, na fezi moja ikipotea mota inajichoma yenyewe kwa kulazimisha. Kwa hiyo kwenye ukuta wa kibanda cha mashine kulikuwa na kontakta, swichi inayoshikwa na umeme wenyewe. Umeme ukikosekana inaachia, ta, na mota inasimama salama. Mara tatu kontakta ile iliokoa mota mikononi mwake. "Weka kitu kinachoachia," alisema. "Kishikwe na betri zote mbili. Yoyote ikiondoka, kiachie."

Hiyo ndiyo rilei. Minza alikuwa nazo kopo zima mezani kwake na hakuwahi kuwaza kuitumia hivyo. Rilei ya volti ishirini na nne, iliyolazwa kutoka chanya ya betri moja mpaka hasi ya nyingine, ingeshika pale tu betri zote mbili zipo kazini. Na njia ya kwenda kwenye hedifoni ingepita ndani yake. Alipopanda basi jioni ile, mzee alisimama barabarani mpaka basi likaondoka, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Wiki moja ilitosha. Minza alizitengenezea betri zile sanduku la mbao lenye mkanda wa kubebea begani, akaweka fyuzi kila upande, swichi moja inayokata betri zote mbili kwa pamoja, na rezista ya kuzuia sauti isipite kikomo. Kabla ya kusafiri alilipeleka kwa Oliva. Oliva alilipima kwa kipimo chake cha kliniki, akamwambia apunguze kidogo tena. Minza alibadilisha rezista palepale, kwenye dirisha la kliniki, kwa lehemu ya gesi.

Mchombe, mzee hakutaka maneno kwanza. Aliweka hedifoni mezani, akawasha sanduku, akashika waya wa betri moja akauchomoa. Rilei ikaachia. Hedifoni hazikuruka. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Vilevile. Alifanya hivyo mara nne, na mashine ya kukoboa ikinguruma kule nje ikiwashwa na kuzimwa, taa ya sebuleni ikififia na kupona. Kisha akazivaa mwenyewe.

"Sema," aliamuru.

Minza alikuwa amewaza mambo mengi ya kusema siku hiyo, na yote yakampotea. Alisogeza maiki karibu na mdomo.

"Shikamoo, Baba."

Mzee aliinua uso. Alikuwa anamtazama. Mama Apolonia, aliyesimama mlangoni, alishika fremu ya mlango.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee hatimaye. Akakohoa. "Sauti yako ni nzito. Mimi nilidhani ni nyembamba. Miaka minne yote nimekuwa na mkwe mwenye sauti nyembamba." Akafikiri kidogo. "Na ina Usukuma ndani yake."

Minza alicheka, akafuta macho kwa kona ya kitenge, akampa mama mkwe wake maiki. Mama Apolonia alikuwa amemwita mume wake kwa kelele kwa miaka mingi kiasi kwamba hakujua aanzie wapi. Alipoanza, alianza chinichini, kwa Kipogoro. Minza alikuwa hakijui Kipogoro, na kwa mara ya kwanza alishukuru kutokijua. Akatoka akaenda kukaa nje.

Alasiri ya siku hiyohiyo walikwenda kigangoni, kwenye mazoezi. Mzee alibeba sanduku begani mwenyewe. Fulgensi alipomwona mwalimu wake anaingia na mitambo kichwani, alisimamisha wimbo. Aliwahi kumsihi arudi na akakataliwa. Minza aliweka maiki juu ya benchi la mbele, akamwomba Fulgensi waimbe chochote. Fulgensi akachagua wimbo wa shukrani ya mavuno, uliotungwa na mzee.

Mzee Sylvanus alisikiliza beti mbili macho wazi, halafu akainua mkono. Kwaya ikanyamaza.

Alisema sauti ya kwanza haisikii hata kidogo, hiyo ni ya Fulgensi peke yake. Ya pili anaipata vipande vipande. Lakini sauti ya tatu si aliyoipanga yeye, katika mstari wa mwisho imeshushwa. Nani ameigeuza?

Fulgensi alitazama chini. Alikiri kwamba ni yeye, kwa kuwa waimbaji wa sasa hawakuweza kuifikia ile ya juu. Alisema hayo karibu na maiki, ili mzee ayasikie yote.

"Rudieni," alisema mzee.

Wakarudia. Safari hii aliinamisha kichwa. Walipomaliza akakiinua.

"Ni nzuri. Mimi niliiweka juu kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka nisikike. Iacheni ilivyo." Kisha akawageukia wanaume wanne wa sauti ya nne, waliokuwa wamejificha nyuma. "Ila ninyi mnazama. Mnaanza na wenzenu, na mkifika mwisho mko chini yao kwa hatua nzima. Njooni hapa."

Wakaja. Aliwasimamisha mbele ya maiki mmojammoja, akawashikisha noti ileile mpaka wakatoka jasho. Mmoja alinong'ona kwamba mzee amerudi na ukali wake wote, na mzee, aliyekuwa na sikio la kumsikia sasa, alimjibu kwamba ndiyo, amerudi nao. Saa moja aliyoruhusu Oliva ilipotimia, Minza alimwonyesha mkono wake wenye saa. Mzee akatikisa kichwa, bado. Minza hakulegea. Alikwenda akazima swichi, akabeba lawama.

Siku hizi kliniki bado haijaita, na jina bado lipo kwenye orodha. Minza hupitia kuuliza kila mwisho wa mwezi. Betri huchajiwa siku za katikati ya wiki. Sauti ya kwanza ni ya Fulgensi, kama ilivyosemwa. Na Jumamosi iliyofuata mazoezi yale, wale wanne wa sauti ya nne walifika kigangoni nusu saa kabla ya wenzao, wakamkuta Mzee Sylvanus amekwisha kufika, anafuta vumbi kwenye benchi la mbele.